Sabuni gani nioshee ndege ndogo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wenye ndege ndogo, wanafunzi wa urubani na vijana wa hanga (banda la ndege) wananiuliza kila siku, na mengi yanaanza na mtu ameshika chupa mkononi anataka kujua kama aimimine kwenye ndoo au airudishe kabatini. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo watu wanaharibu ndege zao bila kujua, kwingine nimepita haraka.

Sabuni ya kuoshea gari inafaa?

Kwa sehemu zenye rangi, shampuu ya gari iliyo laini, ile ya kuoshea kwa mkono na ndoo, watu wengi wanaitumia na ndege zao ziko sawa. Vitabu vingi vya ndege ndogo vyenyewe vinasema tu maji na sabuni laini, suuza, kausha kwa kitambaa laini au ngozi ya kukaushia, basi. Ila usichanganye hiyo na zile povu za kuosha gari bila kugusa, ambazo unapuliza uchafu unashuka wenyewe. Uchafu hauwezi kushuka wenyewe hivi hivi, lazima kuna kemikali kali inaushusha, na mara nyingi ni alkali. Gari limetengenezwa kwa chuma kilichopakwa rangi nzito, ndege ni bati la alumini jembamba limeunganishwa kwa riveti (misumari ya kubana mabati) maelfu, na kila kiungio ni njia ya maji kuingia.

Na sabuni ya vyombo? Si ndo laini kuliko zote, mbona tunaoshea kwa mikono mitupu?

Laini kwa mkono haimaanishi laini kwa alumini. Sabuni nyingi za maji za kuoshea vyombo zinatiwa chumvi, chumvi ile ile ya mezani, ili ziwe nzito zisimwagike kama maji. Kwenye sahani haina shida maana unasuuza mpaka inalia. Kwenye ndege huwezi kusuuza ndani ya kiungio cha mabati mawili yaliyolaliana, maji yanakauka chumvi inabaki, na chumvi na alumini hawapatani kabisa. Pia inaondoa nta yote uliyopaka. Ukiwa umekwama na huna kingine, ukaweka tone dogo kwenye ndoo nzima ukasuuza kwa maji mengi, ndege haitakufa siku hiyo, ila usiifanye ndo sabuni yako ya kila wiki.

Sabuni ya unga ya kufulia hapana kabisa, ina magadi na ina chembe zinazokwaruza. Na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, jiki, isikaribie ndege hata ukiona ukungu au kijani kimeota kwenye mpira wa dirisha.

Kwani alumini inaogopa nini hasa? Mbona haishiki kutu kama chuma?

Inashika, ila kutu yake siyo nyekundu, ni unga mweupe au wa kijivu, na mara nyingi inaanzia ndani ambako huoni. Alumini inajilinda kwa ngozi nyembamba sana ya oksidi ambayo inajitengeneza yenyewe ikigusa hewa. Ngozi hiyo inatulia kwenye pH, kile kipimo cha asidi na alkali, kati ya 4 na 8.5 hivi. Ukiteremka chini ya hapo, yaani asidi, inaliwa, ukipanda juu, yaani alkali, inaliwa pia. Ndo maana dawa ya kusafishia oveni ambayo ina sodiamu haidroksaidi ukiimwagia alumini inachemka mapovu pale pale, yale mapovu ni gesi ya haidrojeni na metali yenyewe inayeyuka mbele ya macho yako.

Halafu alumini za ndege siyo alumini tupu. Bati la ngozi ya ndege mara nyingi ni aina inayoitwa 2024, ambayo imechanganywa na shaba ili iwe ngumu, na shaba ndani ya alumini inafanya kutu ishike haraka zaidi. Kwa hiyo watengenezaji wanalifunika bati hilo kwa tabaka la alumini safi kila upande, ndo wanaita Alclad. Tabaka hilo kwenye bati jembamba ni kama asilimia 5 tu ya unene kwa kila upande. Chukua bati la milimita 0.6, tabaka la kinga linabaki milimita 0.03, jembamba kuliko unywele wako. Hilo ndo unalichezea ukichagua sabuni au polishi vibaya.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua tochi uende kwenye ndege iliyooshwa vibaya miaka mingi, uangalie chini ya tumbo kwenye mstari ambao mabati mawili yanalaliana. Utaona rangi imeinuka kidogo kando ya riveti kama malengelenge madogo, ukiligusa moja kwa kucha linapasuka na ndani kuna unga mweupe kama chaki. Malengelenge hayo hayakuanza kwenye rangi, yalianza chini yake, kwenye maji ya sabuni yaliyoingia yakakaa.

Sasa nitajuaje kama chupa niliyoshika ni salama?

Usisome maneno makubwa ya mbele, geuza nyuma. Maneno kama "salama kwa alumini" au "rafiki wa mazingira" mtu yeyote anaweza kuyachapa, hayana jaribio nyuma yake. Unachotafuta ni viwango. Kwa sabuni za nje ya ndege viwango ambavyo utaviona sana ni Boeing D6-17487 na ile ya jeshi la Marekani MIL-PRF-87937 au MIL-PRF-85570. Ukiona sabuni imeandikwa imefuzu hivyo, maana yake kuna mtu amekaa nayo maabara.

Na majaribio yenyewe yanafaa kujulikana maana yanakuonyesha wewe uogope nini. Kuna ASTM F1110 (ASTM ni shirika la Marekani la viwango vya majaribio), hapo wanachukua vipande viwili vya alumini wanaweka sabuni katikati kama mkate wa siagi, wanaviacha kwenye joto na unyevu kwa siku saba halafu wanavifungua kuangalia kama pamechimbika. Huo ndo mfano halisi wa kiungio cha ndege yako. Kuna ASTM F484, hiyo wanapinda plastiki ya akriliki ikiwa imekazwa halafu wanaipaka sabuni waone kama itatoa nyufa. Na kuna ASTM F519, ya kuangalia kama sabuni inaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu sana. Hii ya mwisho wengi hawaijui, na mimi ndo inanitisha kuliko zote, kwa sababu chuma kilichoingiwa haidrojeni hakionyeshi chochote kwa nje, kinang'aa vizuri tu, halafu siku moja kinakatika ghafla kama kijiti kikavu kikiwa kimebeba mzigo. Na vyuma vya aina hiyo viko wapi? Kwenye miguu ya kutulia, boliti, springi. Ndo maana dawa za asidi za kusafishia rimu za gari usizitumie kwenye rimu za ndege, zikichuruzika juu ya boliti hutajua umefanya nini.

Kama chupa haina kiwango chochote, tafuta karatasi ya usalama ya bidhaa hiyo, utaona pH na viambato. Ukiona haidroksaidi ya sodiamu au ya potasiamu, hipokloraiti, asidi ya haidrofloriki au ya fosfori, au amonia, rudisha.

Kwa hiyo nitafute tu pH 7 nimalize?

pH ni mwanzo mzuri ila siyo jibu lote. Zipo sabuni za ndege zenye pH ya 9 au zaidi ambazo zimefuzu majaribio yote kwa sababu zimewekewa kemikali ya kuzuia kutu. Na vipo vimiminika vyenye pH ya katikati kabisa ambavyo vitapasua kioo chako. Ndo maana mi narudia kiwango kila wakati, pH unaitumia pale ambapo huna taarifa nyingine.

Degrisa kali za injini za gari, ya kijani au zambarau, zinatoa oili vizuri sana, tatizo nini?

Tatizo ni hilo hilo neno "kali". Nyingi zina pH ya 12 na kwenda juu. Oili inatoka kweli, na ukipaka kwenye alumini tupu ukaacha dakika kadhaa unaona inabadilika inakuwa kijivu iliyofifia. Hiyo rangi ya kijivu siyo uchafu uliobaki, ni metali imeshaliwa. Kuizimua kwa maji mengi kunapunguza tu kasi. Mtu akikwambia ametumia miaka kumi na hajaona kitu, muulize kama amewahi kufungua paneli za sakafu akaangalia ndani.

Kioo cha mbele nisafishe na nini?

Hapa naomba usome taratibu maana ndo sehemu iliyoniumiza mwenyewe.

Kwanza siyo kioo. Madirisha ya ndege ndogo karibu zote ni akriliki, plastiki. Dawa ya kusafishia vioo vya nyumbani imetengenezwa kwa kioo cha kweli, ina amonia au spiriti, na akriliki iliyopindwa ikafungwa kwenye fremu inakaa muda wote imekazwa, sasa ukiipaka kemikali inayoingia kwenye plastiki inaachia, inatoa nyufa ndogo ndogo zisizo na idadi.

Mimi nilifanya hivyo. Nilikuwa nimemaliza kuosha, kioo kina madoa ya maji, nikachukua chupa ya kupuliza ya nyumbani nikapuliza nikafuta, kikawa safi kuliko siku zote, nikarudia hivyo mara kadhaa kwa miezi. Halafu jioni moja nikawa natua jua likiwa limeshuka mbele yangu, nilipogeuka kuingia mstari wa mwisho kioo chote kikawaka. Mistari myembamba kama utando wa buibui, yote ikishika mwanga kwa pamoja, njia ya kutulia siioni, naona mwanga tu. Nikaondoka nikazunguka nikatua upande wa pili. Mchana wa kawaida ukikiangalia kioo hicho usingeona kitu. Nyufa za namna ile hazing'arishwi zikatoka, kioo kilibadilishwa chote.

Kwa hiyo, hapana kwa: dawa ya vioo ya nyumbani, petroli, spiriti, asetoni, tina, benzini, na hata dawa ya kuondoa barafu. Ndiyo kwa: maji safi mengi kwanza ya kushusha vumbi, unapitisha mkono wako mtupu ukiwa umelowa, vua pete, mkono unasikia chembe ya mchanga kabla haijakwaruza. Halafu sabuni laini kwa maji au dawa maalum ya akriliki, kitambaa laini cha pamba au maikrofaiba kisafi, futa kwa kwenda juu na chini, siyo mviringo. Ukikwaruza kwa bahati mbaya, mkwaruzo wa mviringo unatengeneza duara la mwanga kwenye jua, wa juu chini hausumbui sana. Grisi au oili iliyoganda kwenye kioo inatoka kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo Stoddard solventi, kiyeyusho chepesi cha oili, vitabu vya Cessna (watengenezaji wa ndege ndogo) vinairuhusu.

Na usifute kioo kikavu kwa kitambaa kikavu. Kinapata umeme tuli na kinaanza kuvuta vumbi lenyewe.

Karatasi za tishu au taulo za karatasi je?

Zina nyuzi za mti, zinakwaruza akriliki. Usitumie.

Tumbo la ndege limejaa oili na masizi meusi, sabuni laini haigusi. Nifanyeje?

Hili ni swali halali maana hapa sabuni laini kweli inashindwa. Uchafu wa tumboni ni mchanganyiko: oili inayotoka kwenye bomba la kupumulia la injini, vumbi lililonasa juu yake, na masizi ya ekzosi. Ndege inayotumia avgas 100LL, yaani petroli ya ndege, masizi yake yana madini ya risasi, maana mafuta hayo yanaruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita moja, na yanawekewa kemikali yenye bromini ili risasi isigande ndani ya injini, sasa inatoka nje kama ule unga wa kijivu na kahawia unaouona nyuma ya ekzosi. Unga huo ukikaa na unyevu unakula rangi na alumini, na ukiingia mwilini mwako ni sumu. Vaa glavu, usiukwangue ukiwa mkavu ukapeperuka, loweka kwanza, nawa mikono kabla hujala. Watoto wasikusaidie upande huo.

Namna ya kufanya: unaanza na kiyeyusho chepesi cha oili, Stoddard solventi au dawa ya ndege iliyotengenezwa kwa tumbo, unapaka kwa kitambaa, unaacha dakika chache isikauke, unafuta kwa kitambaa kingine. Ndipo unakuja na sabuni na maji kuondoa mabaki ya kiyeyusho. Watu wengi wanatumia mafuta ya taa na yanafanya kazi, ila yanakauka polepole na yanaacha utando wa mafuta, kwa hiyo ukiyatumia lazima uoshe kwa sabuni baadaye, la sivyo utando huo unakusanya vumbi jipya na wiki ijayo uko pale pale. Usiyatumie injini ikiwa ya moto. Petroli au avgas yenyewe usioshee, kuna wenye ndege wanachota kwenye tangi wanalowesha kitambaa, mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu na hanga ni mahali penye betri, taa na vifaa vya umeme.

Vitambaa vya tumbo ni vya tumbo tu. Usivioshe ukavirudisha kwenye kapu moja na vya kioo, chembe za mchanga hazitoki zote.

Wadudu waliokauka kwenye ukingo wa bawa?

Usisugue wala usikwangue kwa kucha. Lowesha taulo, lilaze juu ya ukingo wa bawa kama dakika kumi, wanalainika wanatoka na maji. Bora zaidi ni kuwafuta mara tu baada ya kutua wakiwa bado wabichi. Siyo urembo, mabawa yenye umbo laini sana, hasa ya kompositi (nyuzi kama faibaglasi zilizoshikwa na resini), yanapoteza utulivu wa hewa kwa sababu ya madoa hayo na ndege inapata ukinzani zaidi. Mavi ya ndege wa angani nayo usiyalaze, yana asidi.

Ndege yangu haina rangi, ni alumini inayong'aa. Nipolishi kila nikiosha?

Hapana, hesabu ya milimita 0.03 ikumbuke. Kila ukipolishi unaondoa kidogo, na panapoisha kwanza ni kwenye vichwa vya riveti na kingo kwa sababu pamejitokeza na mkono unakandamiza pale. Osha kwa sabuni laini, kausha vizuri, polishi pale inapohitajika kweli kwa polishi ya ndege, siyo ile ya masufuria wala ya kromu ya pikipiki. Na usitumie tena kitambaa kilicholala sakafuni.

Steel wuli, brashi ya waya?

Hapana kwenye alumini. Siyo mikwaruzo tu, vipande vidogo vya chuma vinanasa kwenye alumini na metali mbili tofauti zikipata unyevu zinakuwa kama betri ndogo, alumini ndo inaliwa. Tumia pedi za nailoni zisizo za chuma au brashi ya nywele laini.

Ndege ya kitambaa na ya faibaglasi zinaoshwa sawa na ya bati?

Sabuni laini na maji zinafaa zote, tofauti inakuja kwenye viyeyusho. Kitambaa kimekazwa na kupakwa tabaka za dopu (kimiminika cha kukazia kitambaa) au rangi maalum ambazo viyeyusho vikali kama MEK, asetoni au tina inaziyeyusha kabisa, ukifuta doa la oili kwa hizo utabaki na kitambaa kitupu. Na usikiegemee. Kiangalie pia kwa chini kama vitundu vya kutolea maji viko wazi, maji yakikaa ndani ya bawa la mbao na kitambaa yanaozesha mbao kimya kimya.

Kompositi haishiki kutu ila dawa ya kuondolea rangi inaweza kuilainisha resini yenyewe, ambayo ndo inaishika ndege pamoja. Angalia kitabu cha ndege yako, watengenezaji wa kompositi wanaandika wazi wanaruhusu nini.

Mashine ya presha inaokoa muda, kwanini mafundi wanakataa?

Kwa sababu inasukuma maji mahali ambapo mvua ya miaka kumi isingefika. Inatoa grisi kwenye beringi za magurudumu na kwenye bawaba, inaingiza maji ndani ya viungio, inainua kingo za rangi na stika, inaweza kuvunja silanti ya madirisha. Bomba la kawaida lenye maji yanayotiririka linatosha. Na ukimimina maji usilenge kutoka nyuma kwenda mbele, ndege imeundwa kupokea mvua ikitokea mbele.

Kuna haja ya kuziba vitundu kabla ya kuosha?

Ipo, na kuna haja kubwa zaidi ya kuzibua. Mrija wa pito na vitundu vya statiki ndo vinalisha geji ya mwendo, ya mwinuko na ya kupanda. Maji au sabuni ikiingia geji zinadanganya. Kwa hiyo unaziba.

Lakini tarehe 2 Oktoba 1996 ndege ya Aeroperú namba 603, Boeing 757, iliondoka Lima usiku ikiwa na selotepu juu ya vitundu vya statiki. Ilikuwa imesafishwa, tepu iliwekwa kulinda vitundu hivyo halafu haikutolewa, na ilikuwa ya rangi ya fedha juu ya bati la rangi ya fedha, kwa hiyo waliokagua hawakuiona. Marubani walipaa juu ya bahari gizani na geji zinazopingana, na watu wote 70 waliokuwemo walikufa. Mimi kila nikikata tepu nawakumbuka.

Tumia kifuniko chenye utepe mwekundu unaoning'inia, au tepu ya rangi kali inayopiga kelele, usitumie ya fedha, nyeupe wala ya kuonyesha ndani. Hesabu umeweka vipande vingapi, andika namba, weka kwenye kiti cha rubani, na ukimaliza hesabu ulivyotoa. Usimwachie mwingine atoe ulivyoweka wewe.

Nianze kuosha juu au chini?

Unapopaka sabuni anza chini kupanda, maana sabuni ikichuruzika juu ya uchafu mkavu inaacha michirizi migumu kutoka. Unaposuuza anza juu kushuka. Fanya kipande kwa kipande, usiache sabuni ikauke juu ya bati, na usioshe kwenye jua kali, bati likiwa la moto maji yanapotea kabla hujasuuza na sabuni inabaki imejikaanga pale. Kizimulio cha sabuni fuata cha kwenye chupa, kuongeza sabuni hakuongezi usafi, kunaongeza cha kusuuza.

Rangi mpya inapakwa nta lini?

Muulize aliyepaka, inategemea aina ya rangi. Vitabu vya zamani vya Cessna vinasema subiri hadi siku 90 rangi ikomae, wakati huo ni maji baridi na sabuni laini tu, hakuna polishi wala nta.

Propela, miguu, breki?

Propela ifute kwa kitambaa chenye oili kidogo, inatoa nyasi na wadudu na inaacha kinga. Kabla hujaigusa hakikisha magneto (zinazotoa cheche za kuwasha injini) zimezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako, na hata hivyo ichukulie kama inaweza kuwaka. Shokapu, ile sehemu inayong'aa, ifute kwa kitambaa chenye haidroliki ya aina ile ile iliyomo ndani, kwa ndege nyingi ndogo ni ile nyekundu ya MIL-PRF-5606, vumbi likibaki pale linakata sili. Breki usizipulizie kitu. Tairi sabuni na maji, oili na viyeyusho vinaharibu mpira.

Injini naweza kuiosha mwenyewe?

Kama hujawahi kufundishwa na fundi, iache. Magneto, stata, alteneta na njia ya hewa lazima zizibwe, na kiyeyusho kikiingia kwenye magneto utakuja kukijua ukiwa juu.

Zile dawa za kuosha bila maji zina maana?

Kwa vumbi jepesi la hangani zinafaa sana, na pia zinaacha utando wa kinga. Ila ndege ikiwa imetua kwenye uwanja wa vumbi au mchanga, ukipuliza ukaanza kufuta unakuwa umeshika msasa. Hapo maji kwanza.

Skrini na viti vya ndani?

Skrini za kisasa zina tabaka la kuzuia mng'ao, amonia inalitoa. Tumia dawa ya miwani inayokubali tabaka hilo, ipake kwenye kitambaa usiipulizie kwenye skrini. Vitambaa vya viti vina dawa ya kuzuia moto na baadhi zinatoka ukivifua, soma maelekezo kabla hujaloweka.

Naweza kuchanganya dawa mbili ili nipate nguvu?

Usifanye. Jiki na amonia, au jiki na asidi, vinatoa gesi ya sumu inayochoma mapafu, na hangani milango mara nyingi imefungwa.

Niioshe mara ngapi?

Ikiwa inakaa karibu na bahari isuuze kwa maji baridi safi mara nyingi kadri unavyoweza, chumvi haisubiri ratiba. Ndani ya nchi kavu, angalia tumbo na ukingo wa bawa, hivyo ndo vitakwambia.

Nimemaliza kuosha, naweza kuruka?

Bado. Toa tepu zote na uhesabu. Angalia vitundu vya kutolea maji chini ya mabawa, mkia na milango kwamba vinachuruzika, maji yakinasa ndani ya aileroni au elevata, zile sehemu za bawa na mkia zinazochezeshwa na usukani, uzito wake unahama na mlingano unaharibika, na ukipanda kwenye baridi yanaganda. Paka grisi au oili bawaba zile ambazo kitabu cha ndege kinasema, maana sabuni imezitoa ya zamani. Sogeza usukani pande zote usikie kama kuna kitu kinakwaruza.

Halafu mafuta. Vifuniko vya tangi viko juu ya bawa, mahali pale pale ulipokuwa unamimina maji, na mpira wake ukiwa umezeeka maji yanapita. Iache ndege itulie, chukua kikombe cha sampuli, chota kila tundu la chini, inua kikombe kwenye mwanga. Avgas 100LL ni ya bluu, maji hayana rangi na ni mazito, yanakaa chini kama ushanga unaoviringika ukikiinamisha kikombe. Ukiona ushanga huo, mwaga, chota tena, na uendelee kuchota mpaka vikombe viwili mfululizo vitoke bluu tupu. Na kama kikombe chote kimetoka kisicho na rangi usifurahi kwamba hakuna mstari, kinuse, inawezekana umeshika maji matupu.